Pale Mkono Unapofika

Likasi, mwisho wa kiangazi

Yaya Vumilia, dada yetu mkubwa,

Hodi hapo nyumbani. Ninabisha kwa karatasi kwa sababu miguu imeshindwa kufika. Mmeamka namna gani? Magoti ya mama yanasemaje siku hizi, yanamruhusu kushuka hadi kisimani au bado anatuma watoto? Na kifua chako wewe, kile kikohozi cha vumbi kimekuachia? Huku mimi, mke wangu Béatrice na watoto tuko wazima wa mwili. Ninasema wa mwili, yaya, kwa sababu moyo wangu ni habari nyingine, na ndio ulionikalisha hapa na kalamu.

Kabla hujaendelea, nakuomba kitu kimoja. Usiisome peke yako. Mwambie mama akae, mwite na mdogo wetu Sylvestre, aache mbao zake kidogo aje asikie. Najua unavyozifanya barua zangu: unazisoma kwanza wewe, halafu ukimsomea mama unaruka machungu na kumpa matamu. Hii usiruke kitu. Nilikosa mbele ya watu wote, na msamaha nauomba mbele ya watu wote.

Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Aka! Simu ndiyo iliyoniponza. Maneno niliyowatupia yalikwenda kwa simu, upesi upesi, kabla akili haijayafikia. Haya ya kuyarudisha ninayaandika kwa mkono, polepole, nikiona haya kwa kila mstari. Anayewaletea ni mama Astrida, yule mchuuzi wa nguo anayepanda treni kutoka hapa Likasi mpaka kwetu Kongolo, na baada ya hapo anaendelea zake Kindu. Mpeni maji ya kuoga na chakula, njia ni ndefu.

Mnakumbuka nilivyoapa. Baba alipofariki, mimi nilikuta kaburi limekwisha kufunikwa, kwa sababu treni ilikuwa imelala njiani. Nikasimama mbele ya wazee nikasema: siku ya kumaliza kilio nitakuwapo, na kile kitambaa cheusi nitakitoa mimi kichwani kwa mama. Ndiyo desturi ya ukoo wetu. Mtoto wa kiume wa kwanza anamfungua mama yake kichwa, anamfunga kitambaa kipya, na kutoka pale mama anarudi kati ya watu. Anawashika watu mikono, anaenda soko, anaimba kanisani na wenzake. Kabla ya hapo anakaa nyumbani na weusi wake. Wewe yaya ndiye uliyetutangulia sote kuzaliwa, lakini wewe ni mwanamke, desturi ikakuruka ikaniangukia mimi. Na mimi nikaivaa kama kofia ya chifu.

Siku ikapangwa. Wazee wakaitwa, pombe ikapikwa, na mimi sikuja. Sylvestre akanitumia ujumbe wa sauti, kwa adabu yake ile ile, akiomba akitoe yeye: “Yaya Déo, kama hauwezi kufika, uniruhusu minye nitoshe kile kitambaa. Mama anachoka.” Na mimi nikamjibu nini? Nilikuwa nimeinama juu ya kazi, chuma cha moto mkononi, nikabonyeza ile simu nikapiga kelele: “Weye ni nani? Nguo ya mama haiguswe na mukono ya muntu mwingine na minye niko muzima!”

Sikujua kwamba mmekaa wote uwanjani na simu imefunguliwa sauti. Ningejua, labda ningesema kwa upole. Lakini moyoni ningekuwa na neno lile lile, kwa hiyo heri mlilisikia. Uliniambia baba mdogo Kisimba alichukua fimbo yake akaenda kwake bila kuaga. Uliniambia Sylvestre alirudi kwenye randa yake akaendelea kulainisha ubao uliokuwa tayari umelainika. Na mama hakunung'unika. Alisema tu, “Basi, tutamungojea.” Mpaka leo anangoja.

Na ile habari nyingine uliyonipa juzi, yaya, usidhani ilipita sikioni tu. Kwamba Jumapili mama anasogeza mkeka wake mpaka kwenye ua, upande wa kanisa, ili asikie kwaya. Kwamba wenzake wakianza kuimba, naye anaimba chinichini, mkono mdomoni. Mama yetu, ambaye sauti yake ilikuwa inawaongoza wote! Hiyo imenikata. Ninakula, naiona. Ninafanya kazi, naiona.

Sasa niwaeleze kilichonizuia. Sijitetei. Mtaona wenyewe kwamba nikimaliza kueleza, kosa langu litakuwa limeongezeka.

Mnajua ninafanya kazi na mjomba wa mtaa mzima, Tonton Kalala. Ni mzee wa asili ya Kasai, babu yake aliletwa huku kuchimba, na yeye mwenyewe alitengeneza vipimo vya umeme kwenye kiwanda cha shaba mpaka kiwanda kikamrudisha nyumbani. Karakana yetu iko nyuma ya soko. Tunafufua redio, televisheni, chaja, na zile stabilizatere ambazo kila nyumba hapa inazo, maana umeme wa Likasi unapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Tonton ana sheria moja, anaiimba kila siku: “Kintu yenye kukufa mbele, uiweke fasi mukono inafika.” Kile kinachotangulia kufa kiwekwe pale mkono unapofika. Yeye akifunga chombo chochote, vipande dhaifu anavipanga ukingoni, ili kesho vikiungua avibadilishe bila kutoboa matumbo yote. Ni akili ya fundi wa kufufua. Imetulisha miaka yote.

Basi ikaja kazi kutoka maternité moja hapa mjini, wanakozalisha akina mama. Walikuwa na kitanda cha joto, kile wanamolazwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Umeme ulikuwa umeunguza karte yake, yaani ule ubao mwembamba wenye njia za shaba ambao unakiamuru kitanda kipashe moto au kipumzike. Karte kama ile haipatikani tena. Mama Godelive, mkunga mkubwa wa pale, akaja mwenyewe karakana, akaiweka mezani ile iliyoungua, akasema: “Batu ba Likasi bantengenezee ingine. Shaba yote ya dunia inatoka hapa, mutashindwa na kipande moya?”

Tonton akacheka. Mimi nikachomwa na lile neno. Nikasema nitaichora mimi, mwanzo mpaka mwisho. Kufufua nilikuwa nimeshazoea. Kuchora karte yangu, yenye jina langu pembeni, ilikuwa ndoto yangu ya zamani. Nikaichora kwenye kompyuta, nikaupaka ubao wino wa kukinga, nikaacha asidi iitafune shaba iliyozidi mpaka njia zikabaki zinang'aa. Ni maajabu, mama: shaba tunaikanyaga kila siku, lakini ule ubao wenye shaba ulitoka ng'ambo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kosa ni hapa. Katikati ya karte anakaa mdudu mweusi mwenye miguu mingi. Tunamwita puce. Yeye ndiye ubongo. Mdudu huyu anakunywa umeme kwa mafundo madogo ya ghafla, na kila anapokunywa, umeme unatikisika. Ndiyo maana anawekewa vidude vidogo, kondansateri, vinavyohifadhi umeme kidogo pembeni yake. Akitaka fundo, anapata pale pale bila kungoja unaotoka mbali. Na umeme mchafu ukija, vinaumeza kabla haujamfikia. Uchafu huo sisi mafundi tunauita kelele, ingawa sikio halisikii kitu.

Nilijua kwamba vinatakiwa. Nikavitia vyote, sikubana hata kimoja. Lakini kondansateri huku kwetu ndiyo inayotangulia kufa. Basi nikafanya nilivyofundishwa: nikavipanga vyote ukingoni mwa karte, karibu na mahali waya unapoingilia, safu moja iliyonyooka kama watoto wa komunyo ya kwanza. Tonton alipoona akapiga makofi. “Aah, Déo! Hii hata kipofu ataibadilisha!” Nikavimba kichwa. Nikapiga picha nikamwonyesha Béatrice, na yeye akaniuliza kama inaliwa.

Tukaijaribu karakana. Siku ile umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, tukatumia betri. Ikafanya kazi kama malaika. Na betri haina kelele, yaya. Hilo hatukulifikiri. Tulikuwa tumemjaribu mwogeleaji kwenye beseni.

Tukaipeleka, tukaifunga, mama Godelive akatubariki wote wawili. Mimi nikarudi nyumbani kufunga mzigo, maana treni ilikuwa imetangazwa. Kitambaa cha mama kilikuwa tayari ndani ya begi, Béatrice ndiye aliyekichagua: buluu yenye maua ya njano. Kabla sijafunga zipu, ikaja simu kutoka maternité. Kitanda kimekuwa mwehu. Kinalia bila sababu, kinazima, kinawaka, kinasema mtoto ana joto kumbe mtoto amepoa.

Nikakimbia. Nilipofika, kitanda kimetulia, kinanitazama kama hakijafanya kitu. Nikangoja. Kikatulia. Nikaanza kuwaambia kwamba labda wamekosea kubonyeza, na hapo hapo, wuuu, upande wa pili wa ukuta ikaanza mashine ya kusaga mahindi ya jirani. Kitanda kikapiga yowe, taa zikacheza, kikajizima. Mama Godelive hakuhangaika hata kidogo. Alikinyanyua kile kitoto, akamwita mama yake, akamfungulia kifua akakilaza juu yake ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja na kitenge. “Hii haina kelele,” akasema, akionyesha kile kifua, macho kwenye mashine yangu.

Pale ndipo Tonton Kalala aliponiambia: “Déo, wende kwenu. Treni haikungojee. Minye nitaimaliza.” Alisema mara moja, akarudia. Na mimi nikamjibu: “Hapana, Tonton. Hii karte ni yangu. Hakuna mwingine anaiguse.”

Treni ikaondoka, nikaisikia ikipiga honi kule stesheni wakati nimeinama chini ya kile kitanda.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mtu aliyelogwa. Nililaumu umeme. Nililaumu mwenye mashine ya kusaga, nikaenda kumgombeza mlangoni kwake, akanijibu kwa haki kabisa: “Batu balikula bugali mbele ya weye kuzaliwa, papa.” Nilibadilisha puce, nikabadilisha waya, nikakifunga kitanda kizima na bati kama kuku wa kuchoma. Ndani ya siku zile zile ukaja ujumbe wa Sylvestre, nikamjibu vile nilivyomjibu.

Mwisho Tonton akaleta ile mashine yake ya zamani yenye kioo, ambayo inachora umeme kama mstari. Akagusa pale waya unapoingilia, karibu na safu yangu nzuri. Mstari umelala, safi. Akagusa miguu ya puce. Mama yangu! Mstari ukasimama manyoya kama paka aliyemwona mbwa. Mlangoni usafi, chumbani fujo. Kati ya safu yangu na yule mdudu kulikuwa na njia ya shaba nyembamba, ndefu kama kidole, na kidole kimoja kilitosha. Kwa mambo ya haraka namna ile, kidole kimoja ni safari ya Kongolo.

Nikachukua kondansateri moja nikaishikisha pale pale, kwenye miguu ya puce, nayo ikamwegemea kama mtoto mgongoni. Nikamtuma mtu aombe mashine ya kusaga iwashwe. Ikawaka, wuuu. Mstari ukatingishika kidogo, ukalala. Tonton akavua miwani akaifuta. Akasema kwa sauti ndogo: “Ee. Tuliweka dumu ya maji ku barabara, na mutoto iko na kiu mu chumba.”

Mnajua maji ya huku, yanakuja yanapopenda. Kila nyumba ina madumu yamejaa, na hakuna mwanamke anayeweka dumu lake barabarani ati kwa sababu ni rahisi kulijaza. Analiweka jikoni, karibu na sufuria, hata kama anajikwaa. Jambo analolijua kila mama wa Likasi, mimi sikulifikiri. Nilivipanga vile vidude kwa ajili ya mkono wangu, sikuvipanga kwa ajili ya yule mwenye kiu. Baba alikuwa anatuambia fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi mjinga nilidhani anazungumza juu ya nyoka.

Nikachora karte ya pili. Safari hii kila kondansateri imebanana na mguu wake wa puce, na shaba ya upande wa chini, njia ya umeme kurudi, nimeiacha pana. Ni mbaya kuangalia, na kubadilisha kitu mle ni taabu. Tonton alinung'unika, “Ikikufa, utaifikia namna gani?” Nikamwambia, “Nitataabika, Tonton. Ni mimi nitataabika, si mtoto.” Akaishika taa akanimulikia mpaka nikamaliza.

Tukaifunga. Mashine ya kusaga ikapiga kelele mchana mzima, kitanda kimya, kinapasha, kinapumzika. Nilifurahi, siwafichi. Nilisimama pale natabasamu peke yangu. Mama Godelive akaniletea chai, akaketi karibu yangu, akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua:

“Na kwenu? Si ulisema unaenda kumaliza kilio ya baba yako?”

“Sikuenda, mama.”

“Juu ya nini?”

“Juu ya hii kitanda.”

Akaweka kikombe chini. “Minye nilikuomba ubakie?”

“Hapana, mama.”

“Wakati kitanda yako ilikuwa inatuchezea, batoto balikuwa wapi?”

“Ku kifua ya bamama yabo.”

“Kuko hata moya alikufa?”

“Hakuna.”

“Sasa ulibakia juu ya nani?”

Yaya, nikakwepa swali. Nikasema mama yangu bado ana weusi kichwani, kwamba ananingojea mimi. Nilidhani atanihurumia. Lakini yule mama, ambaye amewapokea nusu ya watoto wa mji huu, akasema: “Mama muzima, umemufungia mu nyumba juu ya karte?” Akachukua kikombe chake, akaenda kwa wagonjwa wake. Chai yangu ikapoa pale pale.

Hakuniacha na hasira, aliniacha na ukweli. Watoto walikuwa na mahali pao. Tonton alikuwa tayari kumaliza kazi. Nilibaki kwa sababu sikutaka mkono wa mtu mwingine uguse kitu changu. Na neno hilo hilo ndilo nililokupigia kwenye simu, Sylvestre. Kwa karte nililisema, kwa kichwa cha mama nikalirudia. Nilimgeuza mama kuwa kitu changu, nikamweka kwenye weusi mpaka mwenyewe nitakapopata nafasi. Nimeaibika. Hata Béatrice nilipomsimulia aligeukia ukuta akalala, na mnajua yeye hakosi la kusema.

Sylvestre, mdogo wangu, sasa nasema na wewe. Baba alipoanza kuumwa, nani alimbeba mgongoni mpaka zahanati, mto ulipofunika barabara? Wewe. Nani anamlimia mama, nani alipaua jiko lake, nani anasikia akikohoa na kuamka? Mimi kila nilipopiga simu nilikuuliza mama anaendeleaje kama mkubwa wa kazi anayekagua, halafu nakata. Ukinijibu, sikukuuliza hata siku moja wewe unaendeleaje. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi wako niliuona mwepesi kweli. Nilikuwa nakuita fundi wa viti, mbele za watu, nikicheka. Unisamehe. Sina njia nyingine ya kulisema. Unisamehe, ndugu yangu.

Basi nimeamua hivi, na naomba baba mdogo Kisimba asomewe sehemu hii neno kwa neno. Baba, huu ni mwandiko wangu, mimi mtoto wa kiume wa kwanza wa marehemu kaka yako. Najua desturi inanitaja mimi, na siidharau. Lakini desturi ilipokuwa inawekwa, mtoto wa kwanza alikuwa anajenga nyumba yake mlango wa pili na nyumba ya mama yake. Wazee walimtaja wa kwanza kwa sababu alikuwa ndiye wa karibu. Leo wa karibu ni Sylvestre. Haki ile naiweka mikononi mwake, siyo kwa kumwazima, na sitairudia. Ukiona ninakosea, nikasirikie mimi nikifika. Usimkasirikie yeye, na usimwongezee mama hata Jumapili moja zaidi.

Kwa hiyo msiningojee. Msingojee treni, msingojee likizo yangu, msingojee mvua. Jumapili ya kwanza baada ya barua hii, muwaite watu. Kitambaa nimempa mama Astrida ndani ya mfuko mweupe. Kimekaa kwenye begi langu muda mrefu, kina mikunjo, mkipige pasi. Sylvestre, wewe umfungue mama kichwa na wewe umfunge. Na wakikuambia useme, “kwa niaba ya kaka yangu,” usiseme. Hakuna niaba. Sema jina lako.

Mimi nitakuja, nimekwisha kumwambia Tonton, nitapanda treni itakayofuata hata kama kitanda cha Papa wa Roma kitaharibika. Lakini nataka nikifika, mama, nisikukute. Nataka nikute mlango umefungwa, watoto waniambie umeenda soko, nikae pale kizingitini na mzigo wangu nikungojee mimi. Hata ukichelewa. Hata ukikaa kupiga domo na wauza samaki mpaka jua lishuke. Nimestahili kungoja kidogo.

Nisalimieni baba mdogo Kisimba, na fimbo yake iliyokasirika. Msalimieni shangazi Anasthasie aliyenilea nilipokuwa nasoma, mwambieni magongo ya kutembelea aliyoniagiza nimeyapata na nitakuja nayo. Msalimieni shemeji, mke wa Sylvestre, ambaye najua alilia siku ile kwa ajili ya mume wake. Msalimieni katekista, na akina mama wote wa kwaya, waambieni wamwachie mwenzao nafasi yake mstari wa mbele. Wewe yaya wangu, uliyesoma hii kwa sauti bila kuruka kitu, Mungu akulipe kwa pumzi.

Ni mimi, niliye mbali zaidi kwa kosa langu kuliko kwa treni,

Déo wenu

Nimefungua tena bahasha. Nilitaka kuongeza mstari wa kumweleza Sylvestre namna mama anavyopenda kitambaa chake kifungwe, fundo liwe nyuma au liwe pembeni ya sikio, kikazwe au kilegezwe. Nimekaa na kalamu, nimejaribu kukumbuka. Mdogo wangu, mimi sijui. Wewe unajua. Funga.